Naombeni ushauri: nataka kutoka Windows 7 lakini programu ya madeni ya duka isipotee

Binti_Tandahimba (Jumamosi, saa 3 usiku)

Habari za jioni kaka na dada zangu, na wakubwa wote shikamooni. Nina jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa na sijui nishike lipi.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Tandahimba, la baba, tunauza mabati, simenti, misumari, rangi na vitu kama hivyo. Kompyuta ya dukani ni Dell OptiPlex 780, baba aliinunua mtumba Dar mwaka 2012, ina Windows 7, RAM gigi 4 na hadi disiki ya gigi 250. Ndani yake kuna programu ya mauzo na madeni ambayo marehemu mjomba wangu alimtengenezea baba tangu 1998. Ni zile za skrini ya bluu na maandishi ya njano, mausi haifanyi kazi humo, unabonyeza F2 unaandika jina la mdaiwa, F5 unaingiza alichochukua, F9 risiti inatoka kwenye printa ya Epson LX-300, ile yenye karatasi za matundu pembeni. Sidii yake hakuna. Mjomba alifariki 2009 na hakuna mtu mwingine anaejua aliiandikaje.

Sasa mjue wateja wetu wengi ni wakulima wa korosho. Mtu anakuja mwezi wa tano anachukua bati 30 na kofia zake anaezeka nyumba kabisa, anasema nitalipa mnada ukianza, na baba anampa kwa sababu wanafahamiana toka zamani. Humo ndani kuna watu 340 na kitu, wengine deni lao limebebwa misimu miwili mitatu kwa sababu korosho ilipata ugonjwa au bei ilianguka. Daftari la karatasi tuliacha zamani. Yani hiyo programu ikipotea ni sawa na duka limeungua, maana baba hana namna ya kwenda kumwambia mtu unadaiwa laki sita na elfu arobaini wakati hana hata karatasi mkononi.

Tatizo ni kwamba Chrome kwenye hiyo mashine imegoma kujiapdeti, na kurasa za kujaza ritani za kodi nyingine hazifunguki kabisa au zinafunguka nusu. Fundi mmoja hapa akasema nimletee kompyuta apige window mpya, aweke Windows 11, jioni moja tu kazi imekwisha. Nikamuuliza na programu je, akasema itakuwepo tu. Hilo jibu la itakuwepo tu ndo linaninyima usingizi. Nimpe au nisimpe? Na kuna namna ya kupanda Windows mpya bila kugusa hiyo programu?

---

Mkali_wa_Mikindani

Dada usiogope hivyo. Windows 11 ukiitengenezea flashi kwa programu ya Rufus inaruka yale masharti ya TPM (chipu ya usalama) na prosesa, afu wakati wa kuinstoo unachagua kubaki na mafaili na programu zako zote. Mimi nimefanya hivyo kwenye laptopu kama nne hapa Mikindani, zote zinapiga kazi.

---

Fundi_Chikongola

Dada, kwanza usimpe. Nakuomba sana usimpe huyo fundi hiyo sipiyu mpaka umalize kusoma hapa. Mimi nafanya hizi kazi Mtwara mjini miaka mingi na watu wanaokuja wanalia mezani kwangu wengi ni wa "itakuwepo tu".

Kaka wa Mikindani nakuheshimu, lakini laptopu zako nne nadhani zilikuwa na Windows ya biti 64 tayari. Hii ya dada kuna mambo mawili yanaizuia. La kwanza, OptiPlex 780 zina prosesa za Core 2, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, la mwaka 2024, inadai maagizo fulani ya prosesa ambayo Core 2 haina, kwa hiyo hata uruke masharti kwa Rufus itagoma kuwaka. Hapo Rufus haikusaidii, ni chuma chenyewe.

La pili ndo kubwa zaidi. Programu ya 1998, skrini ya bluu, haijui mausi, hiyo ni ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, na za DOS karibu zote ni biti 16, kizazi cha kabla ya 32 na 64. Windows za biti 32 zina kipande ndani kinaitwa NTVDM kinachoziendesha. Windows za biti 64 hazina hicho kipande, na Windows 11 haijawahi kutoka ya biti 32. Maana yake hata ukipata mashine mpya nzuri kabisa, ukakopi folda vizuri, faili zote zipo kamili, ukibonyeza programu inakwambia haiendani na toleo hili la Windows. Fundi wako asingekudanganya akisema "ipo", kweli ingekuwepo, ila isingefunguka.

Na kingine, kutoka Windows ya biti 32 kwenda ya biti 64 hakuna kupanda huku umebaki na programu, kwa njia yoyote ile. Unafuta unaanza upya. Lile chaguo la kubaki na programu linafanya kazi ndani ya biti zilezile.

Nifanyie hivi: shika kitufe cha Windows pamoja na Pause kwenye kibodi, itafunguka kurasa ya mfumo, angalia imeandikwa biti ngapi na RAM inayotumika ni ngapi. Afu fungua diski C utafute folda ya hiyo programu uniambie kuna faili za aina gani. Usifute wala usihamishe kitu, angalia tu.

---

Binti_Tandahimba

Asante sana kaka. Imeandikwa biti 32, na RAM inasema gigi 4 lakini inayotumika ni 3.25, nikashangaa nyingine imekwenda wapi. Folda ipo C:\DUKA. Ndani kuna DUKA.EXE moja, halafu faili nyingi za DBF: WADAIWA.DBF, MAUZO.DBF, BIDHAA.DBF, na nyingine za NTX. Kuna na faili moja ya maandishi mjomba aliandika "usiguse hapa kama hujui". Nilipoisoma nimekaa kimya kidogo.

---

Fundi_Chikongola

Pole dada. Mjomba wako alikuwa mtu makini.

RAM haijapotea, Windows ya biti 32 haiwezi kuona zaidi ya hapo. Na zile NTX, yani faharasa za hizo DBF zenye data, zinaonyesha programu iliandikwa kwa Clipper, lugha ya kutengenezea programu za DOS. Hii ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa sababu Clipper inakusanya kila kitu kwenye hiyo EXE moja, haihitaji kuinstoliwa wala haitafuti sidii. Aliyewahamishia 2012 bila shaka alikopi hiyo folda tu na ikafanya kazi, sivyo? Muulize mzee.

---

Mlindi_wa_Mitwero

Naomba nichangie maana mimi yalinikuta. Nipo Lindi, tulikuwa na programu ya aina hiyohiyo ya Clipper kwenye stoo ya spea za pikipiki, na mwaka 2016 nilipandisha Windows 7 ya biti 32 kwenda Windows 10 ya biti 32 hukohuko juu kwa juu, kipindi kile Microsoft walikuwa wanatoa bure mpaka tarehe 29 Julai 2016. Programu zote zilibaki. Mara ya kwanza kuifungua hiyo ya DOS, Windows 10 iliuliza kama iweke NTVDM, nikakubali, ikaweka.

Ila ikanipa shida moja iliyonitesa siku mbili. Programu inafunguka vizuri, ukiingia kwenye ripoti inaanguka na kosa la DOS namba 4. Kumbe kosa namba 4 ni kwamba faili zilizofunguliwa kwa pamoja zimezidi. Kuna faili linaitwa CONFIG.NT ndani ya Windows\System32, lina mstari wa FILES, kwangu zamani mtu alikuwa ameandika 100, wakati wa kupanda likarudishwa kama lilivyotoka kiwandani yani 40. Nikarudisha 100 na tatizo likaisha palepale. Kwa hiyo dada, kabla ya lolote fungua hilo faili kwa Notepad uandike pembeni namba iliyopo, na uangalie pia kama kuna neno CLIPPER kwenye AUTOEXEC.NT au kwenye faili la BAT mnalobonyeza kufungulia.

Na umeme! Mimi ulikatika nikiwa asilimia sitini na kitu, mashine ikawaka ikaanza kurudisha Windows 7 yenyewe, nilikaa pale nimeshika kichwa karibu saa nzima. Ilirudi salama lakini nisingependa mtu mwingine apitie. Usiguse kazi hii bila UPS yenye betri nzima.

---

Mkali_wa_Mikindani

Fundi umenielimisha, sikujua habari ya 24H2 wala hiyo ya biti 16. Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Sasa si afanye kama wa Lindi, aende Windows 10 ya biti 32 amalize?

---

Fundi_Chikongola

Inawezekana lakini njia imekuwa nyembamba. Zamani ufunguo wa Windows 7 ulikuwa unakubali kuwasha Windows 10 hata baada ya ile ofa kwisha, mwaka 2023 wakaufunga mlango huo, kwa hiyo dada atahitaji leseni ya Windows 10. Na Windows 10 yenyewe imeachwa kupewa apdeti za kawaida tangu 14 Oktoba 2025, kilichobaki ni ule mpango wa nyongeza ya apdeti za usalama wa muda tu. Anunue leseni, ahatarishe mashine ya madeni, afu baada ya muda mfupi arudi tuongee tena hayahaya? Mimi nisingemshauri dada yangu wa damu.

Dada, jiulize unataka nini hasa. Nikikusoma, programu haina tatizo, printa haina tatizo. Kinachokusumbua ni intaneti ya kujazia ritani. Hizo ni kazi mbili tofauti na zimekaa kwenye mashine moja kwa sababu ndo iliyopo. Zitenganishe. Hiyo Dell chomoa waya wa intaneti, ibaki na duka tu, Windows 7 yake ileile, hakuna apdeti wala virusi vya mtandaoni, ila flashi za wateja zisiingie humo kabisa. Ritani na barua pepe fanya kwenye laptopu nyingine yoyote yenye Windows mpya. Na kama bado huna laptopu, kwa muda weka Firefox 115 ESR, hiyo ndo ya mwisho inayokubali Windows 7, kurasa nyingi zilizogoma kwenye Chrome yako zinaweza kufunguka.

---

Mwalimu_Nachingwea

Binti yangu, marahaba. Nimesoma yote na naungana na fundi, ila nina wasiwasi mmoja ambao naona mmeupita haraka. Hadi disiki iliyonunuliwa mtumba 2012 na inawaka kila siku dukani, kwenye vumbi la simenti, hiyo inaweza kufa wakati wowote, iwe na intaneti au isiwe nayo. Kuiacha Windows 7 ilivyo hakutakuokoa na hilo. Mnazungumzia Windows wakati chuma chenyewe kinahesabu siku.

Fanya mambo haya leo, usisubiri laptopu. Kopi folda nzima ya DUKA kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani, moja kwa ndugu mwingine. Programu iwe imefungwa wakati unakopi. Halafu kwenye kompyuta nyingine weka LibreOffice, hiyo ni ya bure, ufungue ile WADAIWA.DBF ya kwenye flashi. Inafunguka kama jedwali, majina na pesa utaviona bila programu ya mjomba kabisa. Fungua kopi siku zote, ile ya dukani usiifungue kwa LibreOffice, maana ukibonyeza kuhifadhi inaweza kubadilisha mpangilio na ile NTX ikapotezana na faili lake.

Halafu chapisha hiyo orodha kwenye karatasi, mzee wako aipitie jina kwa jina na aweke sahihi na tarehe. Karatasi haihitaji Windows. Mnada ukianza watu wakija kulipa mtakuwa na pa kushikia hata umeme ukiwa haupo.

---

Binti_Tandahimba

Mwalimu shikamoo tena. Nimefanya usiku huohuo. Nilipofungua ile WADAIWA kwenye laptopu ya kaka yangu na kuona majina yote yamejipanga, nilimwita baba akaja akasimama nyuma yangu akawa anayasoma kwa sauti, huyu kalipa, huyu bado, huyu alishafariki deni amelichukua mwanae. Zimetoka karatasi 9.

Na kweli, baba anasema 2012 yule kijana alikopi folda tu, hakuinstoo chochote.

Laptopu ya kaka ina Windows 11 na amekubali niwe naitumia kwa ritani. Swali langu, hadi disiki nibadilishe vipi bila kupoteza? Na je, hiyo programu kweli haitawaka kamwe kwenye Windows 11?

---

Fundi_Chikongola

Disiki: nunua SSD ya SATA, ile disiki ya kisasa isiyozunguka, kloni kwa Clonezilla, inakopi disiki nzima kama ilivyo, Windows, programu, printa, hata namba za CONFIG.NT alizosema wa Lindi. Lakini sikiliza hapa kwa makini maana watu wanaangukia hapahapa. Disiki yako ni gigi 250. Ukienda dukani watakupa SSD ya gigi 240 kwa sababu ndo zimejaa, utaona tofauti ni ndogo. Clonezilla inataka disiki mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, itagoma, na ukitaka kulazimisha lazima kwanza upunguze patisheni (mgawanyo wa disiki), kazi ambayo sitaki uifanye kwenye disiki hiyo. Nunua ya 256 au zaidi. Na wakati wa kukloni, ile hatua ya kuchagua disiki inayotoka na inayokwenda, soma majina mara mbili, maana ukizigeuza utakopi utupu juu ya madeni.

Ukimaliza, chomoa ile ya zamani kabisa, iweke kwenye mfuko, andika tarehe juu yake, isiguswe. Mashine iwake na mpya. Kama kuna chochote hakijakaa sawa unarudisha ya zamani na duka linaendelea kama hakuna kilichotokea. Ndo maana mimi siku hizi sifanyi kazi yoyote ya Windows juu ya disiki ya mteja, nafanya juu ya kopi, hata kama mteja ana haraka.

Kuhusu Windows 11, yenyewe haiwezi lakini kuna programu za kuigiza DOS. DOSBox wengi wanaijua, iliundwa kwa ajili ya magemu. Kwa kazi za ofisi kama yako jaribu vDos, hiyo inajua kuchapa kwenye printa ya kawaida ya Windows. Unaweka folda ya DUKA, kwenye faili lake la autoexec.txt unaielekeza folda ilipo kwa amri ya USE, unaita DUKA.EXE. Jaribu kwenye laptopu ya kaka.

Ila dada, kitu kimoja: ikiwaka, usianze kuuzia huko. Mauzo yaingie kwenye Dell tu. Ukiwa na kopi mbili zote mnaandika ndani yake, jioni mtu mmoja atakuwa na madeni mawili tofauti na hakuna wa kusema lipi la kweli.

---

Binti_Tandahimba (wiki mbili baadae)

Nimerudi kuwapa mrejesho maana mlihangaika na mimi.

SSD niliagiza Mtwara kwa dereva wa basi, na kweli muuzaji alimpa ya 240, nikampigia akaibadilisha akaleta ya 256. Kaka yangu ndo alikloni, Jumapili duka limefungwa, tulikodi UPS kwa mwenye steshenari wa jirani. Ilichukua muda, tulikuwa tunaangalia namba zinavyopanda bila kuongea. Tukachomoa ya zamani, tukawasha. Dell ilikuwa inawaka dakika nne tano huko nyuma, sasa hata chai hujamimina imeshafika. Baba akabonyeza F2, akaandika jina la mteja anaemkumbuka, likatoka. Akabonyeza F9, LX-300 ikaanza ile kelele yake na risiti ikatoka na jina la duka kama mjomba alivyolipanga.

Intaneti nimechomoa. Ritani nimejaza kwenye laptopu, imekubali bila shida yoyote.

vDos nayo nimejaribu. Mwanzoni ilisema haioni faili kwa sababu kwenye autoexec.txt nilielekeza folda siyo, nikarekebisha, na skrini ya bluu ikaja kwenye Windows 11! Ile ripoti ya wadaiwa wote inafunguka mpaka mwisho. Kwa hiyo siku Dell ikifa yenyewe tunajua pa kwenda. Siingizi kitu humo, kila Jumamosi jioni nakopi kutoka kwenye Dell kwa flashi yake maalumu.

Yule fundi wa hapa ameniuliza mbona sijampelekea. Nimemwambia programu ni ya DOS ya biti 16 kwa hiyo Windows 11 ingeikataa, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie jina la hiyo vDos. Nimemwandikia.

---

Mlindi_wa_Mitwero

Hongera sana dada, na baba mpe salamu. CONFIG.NT ulikuta namba ngapi?

---

Binti_Tandahimba

FILES=120. Nimeiandika kwenye karatasi nimeibandika ndani ya mfuniko wa sipiyu, pamoja na tarehe ya disiki.